Video inaonyesha natua kwa kisigino. Nibadilishe?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nakimbia na wenzangu hapa Moshi, tunajiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro. Wiki ya tatu sasa goti la kulia linauma kwa mbele, hasa tukiteremka kutoka Mweka. Rafiki yangu alinirekodi kwa simu tukaona natua kwa kisigino. Anasema nianze kutua kwa vidole. Nimsikilize?

JIBU: Pole kwa goti, ndugu yangu. Usimsikilize, walau kwa sasa. Wakimbiaji wengi wa masafa marefu hutua kwa kisigino, na hilo peke yake si kosa. Ukihamia vidoleni ghafla, mzigo unaoupunguza gotini unauhamishia kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Kano hiyo ikishaumia hupona taratibu mno.

Kinachonihusu zaidi ni unyayo wako unatua wapi. Simamisha video pale unapogusa ardhi tu. Goti likiwa limekunjika kidogo na unyayo uko karibu chini yake, huna neno. Mguu ukiwa umenyooka, kisigino kimetangulia mbali mbele ya goti, basi unajipiga breki kila hatua, na mteremkoni ndiyo zaidi.

Ila nina wasiwasi na hiyo video. Nyingi ninazoletewa hapa Arusha zimepigwa na mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda, picha inaruka kuliko mkimbiaji! Tena simu ikiwa kwenye hali ya kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde. Unyayo hukaa chini takriban robo sekunde, kwa hiyo unapata picha saba au nane tu, na ile ya mguso wenyewe huenda ikakupita. Weka mwendo wa polepole wa picha 240, utapata kama 60.

Iegeshe simu kwenye kigoda, usawa wa nyonga, ikutazame ubavuni, nawe upite mbele yake ukiwa umeshapasha mwili dakika kumi. Rudia ikutazame kwa nyuma, fulana umeichomekea, ili tuone mkanda wa bukta: ukikanyaga mguu wa kulia, upande wa kushoto ukazama na goti la kulia likaingia ndani, misuli ya nyonga haishiki vizuri. Halafu rekodi mteremkoni pia. Maumivu yako yako huko, na video ya tambarare inaweza kuonyesha mtu asiye na tatizo lolote.

Ukikuta kisigino kinatangulia mbali mbele ya goti, badilisha jambo moja tu. Hesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa sekunde 30, zidisha kwa nne, upate hatua zako zote kwa dakika. Ukipata 160, jaribu 168 kwa kasi ileile. Hatua zitafupika zenyewe na goti litapata nafuu. Hiyo 180 inayosifiwa vijiweni usiikimbilie. Wengine hawaihitaji kabisa. Rekodi tena baada ya wiki tatu, simu ikiwa palepale, viatu vilevile.

Kwa sasa Mweka panda ukikimbia, shuka ukitembea. Goti likivimba, likikwama au likiuma hata umelala, weka simu pembeni uende hospitali. Kamera haioni ndani ya goti.