Msuguano katika silinda inayozunguka: chora kwanza, fomula baadaye

Swali lenyewe hurudi kila mara: mtu amesimama ndani ya silinda iliyo wima, mgongo ukutani. Silinda inazunguka, sakafu inateremshwa, naye haanguki. Kabla ya kugusa fomula, mchore.

Kani ni tatu tu: uzito (mg, yaani masi m mara mchapuko wa mvutano wa dunia g) kwenda chini, msuguano (f) kwenda juu, na msukumo wa ukuta (N) kuelekea katikati. Ya nne ya "kumtupa nje" usiichore. Kwa anayetazama akiwa amesimama nje ya silinda, haipo. Wala kani ya kuelekea katikati si ya ziada, ni N yenyewe. Basi kimlalo N = mω²r (ω ni kasi ya kuzunguka, r ni nusu kipenyo cha silinda), na kiwima f = mg.

Kinachokula maksi ni kuandika f = μN kila mahali (μ ni kizidishi cha msuguano kati ya mgongo na ukuta). μN ni kikomo cha msuguano, si kiasi cha msuguano kilichopo wakati huo. Chukua mtu wa kilo 50, nusu kipenyo mita 2.5, μ = 0.4, g = 9.8, ω = radiani 4 kwa sekunde. N ni 50 × 16 × 2.5 = nyutoni 2,000, hivyo μN = 800. Uzito ni 490. Msuguano ungekuwa 800 kweli, mtu angeanza kupanda ukuta kama mjusi! Ni 490, na ukiongeza kasi unabaki 490; kinachokua ni akiba.

f = μN inafaa pale tu mtu anapokaribia kuteleza. Hapo mg = μmω²r, m inakatika, nawe unabaki na ω = √(g/μr). Kwa namba zetu ni 3.13, yaani karibu mizunguko 30 kwa dakika (zidisha kwa 60, gawanya kwa 2π). Mnene na mwembamba wanahitaji kasi ileile, ila nguo ya kuteleza hupunguza μ na kudai kasi zaidi.

Angalia pia kama umepewa kipenyo. Ukiweka 5 badala ya 2.5 utapata 2.21, mizunguko 21 hivi. Jibu halitishi, ndiyo maana halishtukiwi, lakini mtu wako ameshateleza.

Silinda ikilala, fomula hii iache. N hubadilika kila hatua: chini kabisa mω²r + mg, juu kabisa mω²r − mg. Ili asibanduke kule juu, ω isipungue √(g/r), na μ haimo.