Nilivyofuta madeni ya dagaa ya shangazi

Shangazi anauza dagaa Kibirizi, Kigoma, na wateja wake wengi huchukua kwa mkopo. Nikamtengenezea programu ndogo ya madeni kwa Flask (maktaba ya Python ya kutengeneza tovuti) na SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili moja), nikaiweka kwenye kontena la Docker, yaani kisanduku kinachobeba programu na vyote inavyohitaji, kwenye kompyuta kuukuu iliyopo nyumbani Mwanga. Jioni akirudi anaifungua kwa simu kupitia wi-fi.

Siku ya kwanza haikufunguka. Kontena linafanya kazi, kosa halionekani, kivinjari kinagoma. Nilihangaika mpaka saa sita usiku. Kumbe Flask isipoelekezwa husikiliza 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe tu, na ndani ya kontena anwani hiyo ni kontena lenyewe. Wa nje akibisha hodi hasikiki. Iambie isikilize 0.0.0.0, yaani anwani zote, kisha endesha kontena kwa -p 8080:5000, inayounganisha milango (port) miwili. Namba ya kushoto ni mlango wa kompyuta yako, ya kulia ni wa ndani ya kontena. Neno EXPOSE kwenye Dockerfile (faili la hatua za kujenga imeji, kifurushi kinachozaa kontena) halifungui chochote, ni maelezo tu. Mimi nililiamini.

Bando nalo liliniuma. Nikigusa mstari mmoja wa msimbo, maktaba zote zinapakuliwa upya, kwa sababu nilikuwa nanakili folda zima kabla ya pip install, amri ya kusakinisha maktaba. Docker hutunza matokeo ya kila hatua ya Dockerfile, ila hatua moja ikibadilika, zote za chini yake hurudiwa. Basi tanguliza requirements.txt (orodha ya maktaba) peke yake, sakinisha, ndipo unakili mengine. Na anzia imeji ya python:3.12-slim, ile isiyo na slim ni nzito mara kadhaa.

Sasa balaa lenyewe. Nilibadilisha rangi ya kitufe (rangi tu!), nikajenga imeji upya, nikaondoa kontena la zamani kwa docker rm, nikawasha jipya. Shangazi akaniita:

"Baba, hawa wote wamelipa lini?"

Madeni sifuri. Faili la SQLite lilikuwa ndani ya kontena nililoondoa. Kuzima kontena na kuliwasha hakufuti kitu. Kuliondoa ndiko kunakofuta. Tangu hapo faili linakaa kwenye folda la kompyuta, nimeliunganisha kwa -v /home/madeni:/app/data. Nimeongeza na --restart unless-stopped, umeme ukirudi kontena linaamka lenyewe.

Kilichotuokoa ni daftari lake lenye madoa ya mawese. Jioni mbili yeye anasoma, mimi naandika. Mpaka leo anaanza na daftari, simu baadaye, na sijathubutu kumwambia aache.