Mleta uzi, hayo marejeo 45 uliyopewa na AI umefungua mangapi?

Simama hapo hapo. Usibandike kitu kingine kwenye hiyo tasnifu kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Umeuliza mambo matatu: jinsi ya kuingia kwenye hifadhidata za maktaba ya chuo ukiwa nyumbani, wapi pa kupata makala na vitabu vya bure, na programu ipi nzuri ya kupanga marejeo. Sawa. Lakini katikati umetupia sentensi moja kana kwamba si kitu: "Marejeo sina shida nayo, AI imenipa 45, nimeshayaingiza, bado kuyapanga tu." Ukatubandikia na kumi ya kwanza tuone. Nimesoma hiyo sentensi nikiwa nakula, kijiko nikakiweka chini. Mkuu, hiyo sentensi mimi ilinila miezi minane.

Mimi sikutumia AI. Enzi zangu kazi hiyo ilikuwa inafanywa na bro wa hosteli. Kila hosteli ina mtu wa namna hii: alishamaliza masomo lakini haondoki, ana jibu la kila swali, anaongea kwa uhakika, na neno "sijui" halijawahi kutoka kinywani mwake. Nilimwendea nikiwa na sura mbili na marejeo 11. Msimamizi wangu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Machache. Yafike 50." Basi, hayo tu. Hakusema yatoke wapi wala yasemeje. Hamsini, kama vile tunahesabu matofali.

Bro akacheka, akanitumia faili lenye marejeo 47. Nikamuuliza kama ameyasoma. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto anayeuliza jua linalala wapi. "Dogo, hakuna mtu anayefungua marejeo. Wanahesabu tu."

Ningekuwa na akili ningejiuliza: huyu amejuaje? Sikujiuliza. Baadaye sana ndiyo nikaja kugundua faili hilo hakulitengeneza yeye. Alilirithi, na aliyemrithisha naye alirithi. Lilikuwa limepita mikono mingi kuliko noti iliyochakaa, na kila aliyelishika aliongeza lake, akakosea herufi, akapitisha mbele.

Sasa kuyatumia. Nilikuwa nachukua kichwa cha makala, nakisia ndani inasemaje, natunga sentensi inayofanana nayo, mwishoni naweka jina na mwaka kwenye mabano. Nilikuwa kama mtu anayesoma magazeti bila kuyanunua: habari zote anazo, undani hana hata mmoja. Sura ya pili ikanenepa. Msimamizi akaipitia (kama kweli aliipitia, hilo namwachia yeye na dhamiri yake) akaandika "Nzuri." Nikanunua suti.

Siku ya utetezi mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mpole mno, na upole huo ndio ulioniponza, nikalegea. Mbele yake alikuwa ameichapisha orodha yangu ya marejeo peke yake, kurasa nne, na pembeni mwa baadhi ya mistari kulikuwa na vitone vya penseli. Nilidhani vitone ni vya pongezi.

Akaanza na ukurasa. "Hapa umenukuu ukurasa wa 214." Ndiyo, mama. "Makala yenyewe inaanza ukurasa wa 87 na kuishia wa 103." Nikasema huenda ni kosa la uchapaji. Akatikisa kichwa, akaandika kitu. Nikajiona nimepona.

Halafu akafungua sura ya pili, akasoma kwa sauti sentensi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwamba mtafiti fulani alibaini jambo fulani, na kwamba "matokeo hayo yanaungwa mkono kikamilifu na" mtafiti mwingine, mwaka uleule. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, "Hawa wawili wanakubaliana kweli?"

Nikajitutumua. Nikasema ndiyo, tena kwa kiasi kikubwa, na hiyo inaonesha uzito wa hoja.

Akasema, "Lazima wakubaliane. Ni mtu mmoja."

Mkuu, faili lile lilikuwa na makala ileile mara mbili. Sehemu moja jina la ukoo limetangulia, sehemu nyingine kuna mtu alikuwa ameligeuza, jina la kwanza likawa la ukoo. Mimi nikamgawa binadamu mmoja watu wawili, nikawakalisha meza moja, wakakubaliana. Mtahini wa ndani alijifanya anakohoa. Msimamizi wangu alikuwa anatazama dirishani, na nje hakukuwa na kitu chochote cha kutazama.

Kuanzia pale sikumbuki vizuri. Nakumbuka aliuliza, "Kati ya haya 58, ni yapi uliyoyashika kwa mkono wako?" Nakumbuka nilianza kuhesabu kimoyomoyo nikafika 11 nikaishiwa. Uamuzi ukaja: marekebisho makubwa, kutetea upya. Ada ya muhula mwingine, mahafali yakanipita, suti ikabaki kwenye mfuko wake kama ushahidi wa polisi.

Sasa sikia aibu ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Ile wiki nilikwenda maktaba. Miaka yote nilikuwa naingia humo kuchaji simu na kusinzia. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na mkutubi ambaye nilimchukulia kama mtu wa kugonga mihuri na kunyamazisha watu. Nikamwonesha orodha, nikitegemea anicheke. Hakucheka. Akavuta kiti cha pili, akasema, "Tuanze namba moja."

Tulitumia alasiri mbili. Hesabu ilikuwa hivi, naikumbuka kama namba yangu ya usajili: 31 yalikuwepo kama yalivyoandikwa. 14 yalikuwepo lakini na makosa, mwaka au kurasa au jina. 4 yalikuwa yamejirudia. Na 9 hayakuonekana popote, si kwenye katalogi, si kwenye hifadhidata, si kwenye yaliyomo ya majarida yaliyotajwa. Yaani kuna watu tisa niliowashukuru kwa kazi ambayo hawajawahi kuifanya.

Usifikiri yale 31 yaliniokoa. Nilipoyasoma hatimaye, matano yalikuwa yanasema kinyume kabisa cha nilichoandika. Kichwa kilikuwa swali, mimi nikadhani ni jibu.

Alasiri mbili! Bure! Huduma hiyo ilikuwepo tangu siku yangu ya kwanza chuoni, hatua chache kutoka kwenye soketi niliyokuwa nachajia simu. Bro nilikuja kukutana naye baadaye nikamweleza yaliyonikuta. Akasema, "Mimi nilipita." Hakuongeza neno. Watu wa namna hii wanapita kweli, na hicho ndicho kinachowafanya wawe hatari.

Ndiyo maana nikisikia "AI imenipa 45" naliona faili lile lile. Programu hizi za kuchati hazikuletei marejeo kutoka rafuni. Zinatunga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeo ni mfuatano rahisi sana kuigiza: jina linalojulikana kwenye fani, jarida la kweli, mwaka unaoingia akilini, kichwa kinachopendeza. Kila kipande ni halali, kitu kizima hakipo. Hata zile zinazotafuta mtandaoni kwanza zinaweza kukuletea makala ya kweli na kuisemea isichosema. Ni bro wa hosteli aliyepewa kibodi. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani hoja yenye kesi zilizotungwa na ChatGPT, jaji akazitafuta hakuziona, wakapigwa faini ya dola 5,000. Na wale walikuwa mawakili, sisi wa kuhesabu matofali tutaponaje?

Wala usidhani wakubwa hawafanyi. Kuna rejeo la mfano ambalo mchapishaji mmoja wa majarida aliliweka kwenye mwongozo wake ili kuonesha waandishi jinsi ya kupanga koma na nukta. Makala yenyewe haijawahi kuwepo. Limenukuliwa mara mamia kwenye makala za kitaaluma. Na mwaka 2017 likaandikwa hadharani kama rejeo hewa. Watu walinakili kiolezo wakasahau kukifuta, wengine wakanakili kwa hao.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaisema hata kwenye harusi: HUJAKIFUNGUA, USIKIANDIKE.

Kufungua maana yake nini? Chukua DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, ile inayoanza na 10 na nukta, ina mkwaju katikati. Mfumo huo upo tangu 2000. Kwenye kivinjari andika doi.org/ halafu ibandike namba hiyo baada yake. Ikikataa kabisa, tilia shaka. Ikifunguka, USISHANGILIE BADO. Angalia kama kichwa, waandishi na mwaka ni vilevile, maana AI ina tabia ya kubandika DOI ya kweli ya makala nyingine kabisa. Makala za zamani nyingine hazina DOI, hizo nenda kwenye tovuti ya jarida, fungua juzuu na toleo, tazama yaliyomo. Halafu pakua makala yenyewe na utafute hoja unayoinukuu iko ukurasa upi. Muhtasari peke yake hautoshi, mimi muhtasari umeniaibisha mara mbili hata baada ya kuokoka.

Ukikosa ya asili na unayo tu kwa kupitia mtu aliyeinukuu, andika hivyo: fulani, kama alivyonukuliwa na fulani. Unaonekana mkweli, na kama kuna kosa ni la huyo wa pili. Raha iliyoje.

Kuhusu kuingia ukiwa nyumbani: usianzie kwenye tovuti ya mchapishaji, huko utadaiwa hela. Anzia kwenye ukurasa wa maktaba ya chuo, ingia kwa akaunti yako ya chuo, halafu bonyeza hifadhidata kutokea hapo. Mchapishaji anautambua mtandao wa chuo uliolipiwa, na ile njia ya maktaba ndiyo inayokufanya uonekane uko ndani. Ikigoma, mwandikie mkutubi. Kama makala haimo kwenye usajili wa chuo, mwombe aiazime kutoka maktaba nyingine. Hiyo huduma ipo sehemu nyingi na wanafunzi karibu wote hawaijui. Usilipie makala hata moja kwa mfuko wako kabla hujamuuliza.

Google Scholar ipo tangu 2004 na watu bado wanaitumia nusu. Chini ya matokeo mengi kuna sehemu ya matoleo yote, ibonyeze, mara nyingi nakala ya bure imekaa kwenye hazina ya chuo cha mwandishi. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua maktaba ya chuo chako, ikaanza kukuonesha viungo vya kuingilia. Ongeza Unpaywall, kiongezi cha kutafuta nakala za bure, kwenye kivinjari, ukiona kufuli la kijani pembeni ujue nakala halali ya bure ipo.

Programu ya kupanga marejeo: Zotero ni nzuri, ni ya bure, mimi naitumia mpaka leo. Tangu 2019 inakuonya hata makala uliyohifadhi ikiwa imefutwa na jarida lake. Lakini nielewe vizuri: Zotero haijui uongo. Ukiipa marejeo tisa hewa itayapanga kwa alfabeti, koma mahali pake, italiki mahali pake, yapendeze kuliko ya kweli. Ndiyo maana hilo neno lako "bado kuyapanga tu" limenipandisha presha. Hapo utakuwa unayavika suti, na habari za suti nimeshakusimulia.

Usiingize chochote kwa kunakili kutoka kwenye chati. Fungua makala kwenye kivinjari, ukiwa umeiona kwa macho yako bonyeza kitufe cha Zotero ichukue taarifa zenyewe kutoka kwenye ukurasa. Ukifanya hivyo huwezi kuwa na kitu ambacho hukukifungua, hata ukitaka.

Kumi zako za kwanza nimeanza kuzipitia wakati naandika hapa. Ya 1 na ya 2 zipo. Ya 3 ipo ila mwaka umekosewa na mwandishi wa pili hayumo. Ya 4 sijaiona kwenye yaliyomo ya toleo hilo. Ya 5 na ya 6 zipo, soma mwenyewe zinasemaje. Ya 7, mkuu, wewe unaandika kuhusu tabia ya usomaji kwa wanafunzi wa sekondari, na hiyo DOI imenipeleka kwenye makala ya minyoo wa samaki. Naendelea na ya 8.