Magongo Yasitupwe Sura ya Nne

Wewe unayeanza riwaya ya mapenzi yenye vichekesho, na mhusika wako mkuu ni mtu anayepona, jihadhari na mtego ulioninasa mimi: kumleta mpenzi aje kumponya. Katika mswada wangu wa kwanza, mwanamke aliyevunjika muundi alitupa magongo sura ya nne, siku ileile aliyokutana na mchumba wake wa zamani. Mhariri akaandika pembeni kwa penseli: "Mfupa umeunga lini?"

Mfupa ule huchukua miezi kuunga, mara nyingi minne au zaidi. Usiiruke miezi hiyo, kwani vichekesho vimejaa humo. Nilimwendea mtaalamu wa fiziotherapia, akanifundisha kutumia ngazi: ukipanda, mguu mzima hutangulia, ukishuka, hutangulia magongo na mguu mbovu. Basi nikamweka mhusika wangu juu ya ngazi, mchumba wa zamani yuko chini anamtazama. Kwa woga anaanza kujikumbusha, "Mzima juu, mbovu chini," bila kujua kwamba anasikika.

"Mbovu nani?" mwanamume akauliza.

Hapo msomaji hacheki mguu. Anacheka neno lililochelewa kusemwa miaka yote ile. Kumcheka mgonjwa kwa maumivu yake ni ukatili, na msomaji aliyewahi kuugua atafunga kitabu.

Kisengerenyuma nacho, yaani kurudi kwenye matukio yaliyopita, kisimwagwe chote sura ya kwanza. Mimi niliirudia siku ya kuachana mara mbili tu. Mara ya kwanza anakumbuka kwamba mwanamume aliondoka bila kuaga. Mara ya pili, baada ya ugomvi wa ngazini, anakumbuka mlango uliobishwa, na yeye mwenyewe akiwa nyuma yake, kashika kitasa, kimya. Siku ni ileile. Aliyebadilika ni anayeitazama, na huko ndiko kupona ninakokusema.

Usiogope kubomoa mwisho. Mwandishi Mwingereza Jane Austen alipomaliza riwaya yake Persuasion mwaka 1816, hakuridhika na jinsi alivyowapatanisha wapenzi wake, Anne na Wentworth, waliotengana miaka minane, akaandika upya. Katika mwisho mpya, Wentworth anaandika barua yake huku akimsikia Anne akizungumza juu ya mapenzi yanayodumu.

Katika mswada wangu uliochapishwa, magongo yalifika sura ya kumi na saba. Siku alipoyaacha, mwanamume hakuwapo. Aliyakuta jioni yameegemezwa ukutani, akasikia hatua zikishuka ngazi.