Viua Vilivyoungua: Kupima Mwanga Katika Jua Kali la Zanzibar

Harusi ya kwanza niliyolipwa kuipiga picha ilifungwa katika msikiti mmoja wa Mji Mkongwe baada ya sala ya alasiri, na picha ambayo familia iliitaka kuliko zote ilikuwa ile ya bwana harusi akitoka mlangoni. Alivaa kanzu nyeupe, joho jeusi lenye tarizi ya dhahabu, na kofia ya viua ambayo bibi yake aliishona kwa mkono kwa miezi kadhaa. Nilimpiga mara tisa. Katika picha zote tisa joho lilitoka vizuri, hata mikunjo yake ikahesabika, lakini kanzu ilikuwa kama kipande cha karatasi tupu, na kofia, ambayo thamani yake yote imo katika vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ilikuwa nyeupe tupu kama ganda la yai. Bibi aliitazama kwenye kompyuta yangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, na viua vyangu viko wapi?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa nimezembea, kwa sababu nilikuwa nimefuata sawasawa nilivyofundishwa. Ami yangu alipiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe kwa miaka mingi kabla sijazaliwa, na kanuni aliyonirithisha ilikuwa kwamba penye jua na kivuli pamoja, mtu apime kivuli, kwani sehemu zenye mwanga mkali zitajitengeneza zenyewe wakati wa kusafisha filamu. Kwa filamu ya negativu kanuni hiyo ni sahihi kabisa. Negativu ikizidishiwa mwanga hukolea polepole bila kukatika ghafla, na msafishaji hodari huweza kupunguza muda wa dawa ili sehemu zilizozidi zisishindikane, ilhali kivuli ambacho hakikuingiza mwanga wa kutosha hakina dawa. Anayetaka ushahidi na aende Shangani, katika barabara ya Kenyatta, aingie Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, azitazame picha za zamani za nyeusi na nyeupe kwa makini, hasa jinsi nyeupe zake zilivyo na uhai.

Kamera ya dijitali ina tabia ya kinyume. Kila kitone cha kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kama pishi ya mchele, ambayo ikishajaa, punje zinazozidi humwagika, na baadaye huna namna ya kujua zilikuwa ngapi. Kanzu iliyopita ukomo huo haina tena uzi, mkunjo wala mshono wa kurudishwa, hata ukiwa na programu bora ya kuhariri. Kivuli, kwa upande mwingine, hata kikionekana cheusi kwenye kioo cha kamera, mara nyingi bado kina punje za kutosha chini ya pishi, na mtu anaweza kukiinua baadaye kwa gharama ya chengachenga kidogo, vile vidoa vya mchangamchanga pichani. Kwa hiyo mwenye kamera ya dijitali hupima penye mwanga mkali na kukivumilia kivuli. Nilipomweleza ami alinyamaza, kisha akasema kwamba filamu za slaidi alizowahi kupewa na mgeni mmoja zilikuwa na tabia hiyohiyo, nazo zilimharibikia pia. Laiti angalinieleza kabla ya harusi.

Hata hivyo, kujua upande wa kupima hakutoshi, kwa sababu kipimamwanga cha kamera hakijui kanzu ni nini. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba kitu kilicho mbele yake ni cha kijivu cha kati, kile ambacho vitabu vya picha hukieleza kuwa kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukikielekeza kwenye kanzu, kitapunguza mwanga mpaka kanzu iwe ya kijivu, na ukikielekeza kwenye buibui, kitaongeza mwanga mpaka buibui liwe la kijivu pia. Ndiyo maana picha za mchanga mweupe wa Jambiani hutoka zimefifia kana kwamba siku ilikuwa ya mawingu, na picha za kinamama waliosimama pamoja wamevaa mabuibui hutoka nyuso zao zimeungua, yaani zimekuwa nyeupe tupu kwa kuzidiwa na mwanga. Anayepima cheupe inampasa aongeze, na anayepima cheusi inampasa apunguze, jambo ambalo masikio ya mwanafunzi hulisikia kama limepinduliwa, na mimi mwenyewe lilinichukua miezi kulizoea.

Sasa swali ni kuongeza kiasi gani, na hapa ndipo ninapomshauri kila anayeniuliza asitegemee namba ya mtu mwingine. Siku moja ya kaskazi, jua likiwa katikati ya anga, nilitundika kanzu na kofia ya viua kwenye kamba ya nguo uani kwetu. Niliweka kamera kwenye upimaji wa doa, ule unaosoma sehemu ndogo tu ya katikati, nikapima kitambaa cheupe kinachopigwa na jua, nikapiga picha ya kwanza kama kipimo kilivyosema. Kisha nikaongeza theluthi moja ya stopu kila mara mpaka nilipopita stopu tatu. Kwa asiyelijua neno hili, stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Nilizifungua picha zote kwenye kompyuta na kutafuta ile ya mwisho ambayo vitundu vya kofia bado vinaonekana vyote. Katika kamera yangu ilikuwa stopu mbili na theluthi mbili kwa faili ghafi, lile ambalo menyu huliandika RAW, na stopu mbili tu kwa faili la kawaida la JPEG. Kamera yako itakuwa na namba yake. Zoezi zima halizidi nusu saa, na tangu siku ile sikubahatisha tena mbele ya bwana harusi. Hupima kanzu, huongeza stopu mbili, hubakisha kidogo kwa tahadhari, kisha hufunga vipimo na kuacha kuvichezea maadamu jua halijabadilika.

Kanzu moja juani ni jambo jepesi, na taabu hasa huanza katika vichochoro. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, nazo ziko karibu sana, hivi kwamba mchana jua hupiga ukuta mmoja kwa juu na kuacha baraza la chini katika kivuli kizito. Nimepima mara nyingi tofauti kati ya chokaa inayowaka na uso wa mzee aliyekaa barazani, nikapata stopu nne au tano, na mlango wa nakshi ukiwa wazi, giza la ukumbini hushuka stopu nne nyingine. Kihisi kizuri cha siku hizi kikiwa ISO 100, yaani wepesi wake wa kuitikia mwanga ukiwa mdogo, huweza kubeba stopu kumi na mbili mpaka kumi na nne, kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba vyote vitaingia. Vitaingia, lakini vile vya chini kabisa vitajaa chengachenga, na picha ambayo kila kitu kimeinuliwa kionekane sawasawa huwa na sura ya ugonjwa. Jicho la mtu halioni kichochoro kwa mara moja. Hutembea, likitazama juu hujibana, likitazama barazani hujifungua, na ubongo ndio unaotuaminisha kwamba tumeviona vyote pamoja. Kamera haina nafasi hiyo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa kitufe chochote, hujiuliza picha hii ni ya nani au ya nini. Ikiwa ni ya mzee, uso wake ndio mwenye haki, na chokaa ya juu iungue ikibidi, au bora zaidi nisogee hatua mbili ili isiingie kabisa. Ikiwa ni ya mlango, nakshi ya juani ndiyo nitakayoipima, na ukumbi ubaki mweusi, kwani hakuna aliyenikaribisha kupiga picha za ndani ya nyumba yake. Wanafunzi wangu wengi hulitazama swali hili kama falsafa na kutaka niwape namba, ilhali namba zote nilizozitaja hapo juu hazina kazi mpaka swali hili lijibiwe.

Kioo cha kamera nacho ni shahidi wa kutiliwa shaka. Jua linapokuwa kali, kioo huonekana kimefifia, nawe huongeza mwanga bila sababu. Usiku chumbani kioo hichohicho hung'aa na kukufanya uone kwamba picha zako zote ni njema. Tazama histogramu badala yake, ule mchoro wa kamera unaopanga mwanga wa picha kutoka cheusi kushoto hadi cheupe kulia, uhakikishe kwamba mlima wake haujagonga na kupanda kwenye ukuta wa kulia, na washa lile onyo linalomemetesha sehemu zilizoungua. Onyo hilo husoma picha ya JPEG iliyotengenezwa ndani ya kamera, kwa hiyo anayetumia faili ghafi huwa na akiba kidogo zaidi ya inavyoonyeshwa. Mimi hubeba kipande cha kanga cheusi mfukoni kwa ajili ya kukifunika kichwa na kioo pamoja ninapokagua. Watoto hunicheka, lakini naona ninachokitazama.

Wako watakaosema kwamba dawa ya yote haya ni kungoja jioni. Ushauri huo ni mzuri kwa anayepiga picha za majahazi, lakini haumfai anayetaka kupiga picha za wakulima wa mwani huko Paje au Jambiani. Mwani unalimwa kibiashara Unguja tangu mwaka 1989, na kinamama hushuka shambani maji yanapotoka, hasa wakati wa bamvu, siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida. Katika pwani yetu maji ya bamvu hutoka kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, hivyo saa ya kazi ni saa ambayo jua limekwisha kupanda na mchanga unarudisha mwanga kutoka chini. Bahari haimngoji mpiga picha. Mara ya kwanza nilirudi na picha za watu weusi tititi wasio na nyuso juu ya mchanga mzuri, kwa kuwa kamera iliupima mchanga na kuwasahau wenye kazi.

Siku hizi, baada ya kuomba ruhusa na kukaa kidogo, husimama mahali ambapo jua liko nyuma ya mama anayefunga mwani kwenye kamba. Uso wake basi huwa katika kivuli chake mwenyewe, lakini si kivuli kizito, kwa sababu mchanga na maji ya kina kifupi huujaza mwanga laini kutoka chini, kama vile mtu ameshika shuka jeupe miguuni pake. Hupima uso huo. Ngozi nyeusi haipaswi kusukumwa mpaka iwe ya kijivu cha kati, kwa hiyo hupunguza theluthi mbili au stopu nzima kutoka katika kile kipimo, na mchanga wa nyuma huachwa ung'ae hata ukikaribia kuungua. Mchanga mweupe uliopotea punje zake katika saa ile si uongo, maana ndivyo unavyoyaumiza macho.

Msaada wa flashi upo, lakini una mipaka ambayo wauzaji hawaitaji. Kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kwenda pamoja na shata, ule mlango unaofunguka kuingiza mwanga, inayozidi kasi ya sehemu ya 200 au ya 250 ya sekunde, na kwa jua letu la mchana, ukiwa ISO 100, hiyo inakulazimu uzibe lenzi mpaka tundu lake liwe dogo, karibu f/11, ambapo flashi ndogo haifiki mbali. Mimi huitumia nikiwa ndani ya mita mbili tu. Mara nyingi zaidi humsimamisha bwana harusi kivulini akitazamana na ukuta wa chokaa unaopigwa na jua, na ukuta huo hunifanyia kazi yote bure.

Kwa milango na majengo, vitu visivyotikisika, kuna njia ya kupiga picha tatu zilizopishana stopu mbili na kuziunganisha. Wanaodhani ni ujanja wa kompyuta wajue kwamba Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akiunganisha negativu mbili, moja ya bahari na moja ya mbingu, katika miaka ya 1850, kwa kuwa kioo kimoja hakikuweza kuzibeba zote. Kwa watu wanaotembea sikushauri.

Wenye simu nao wasijione wameachwa. Gusa kwenye skrini sehemu nyeupe iliyo muhimu, ubonyeze kwa muda mpaka vipimo vifungike, kisha telezesha mwanga juu au chini kidogo kabla ya kupiga. Simu nyingi huunganisha picha kadhaa zenyewe, nazo hufanya hivyo vizuri, isipokuwa zina tabia ya kukichukia kivuli na kukifuta kila mahali.

Jambo moja la kalenda nalo lifaa lijulikane na wanaopanga kazi zao. Kwa kuwa tuko takriban nyuzi sita kusini mwa ikweta, jua hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba. Mchana wa siku hizo, kati ya saa sita na saa saba, macho ya kila mtu huwa mashimo mawili meusi chini ya nyusi, na kofia hutupa kivuli chake mpaka kidevuni. Katika siku hizo, saa hiyo mimi huwaingiza wateja chini ya dari la baraza, nusu hatua tu kutoka kwenye jua, nikipima shavu lililo karibu na nje. Ndivyo nilivyompiga bibi wa viua alipokubali, mwaka wa pili, kunishonea kofia ya kwangu.