Yule unayemwita mvivu, muulize kwa mdomo kwanza

Walimu wenzangu wa msingi, na nyie wazazi, hili nimekaa nalo muda mrefu acha leo niliandike. Mi nafundisha la tatu huku Mbagala, watoto wamepita mia kwenye chumba kimoja, dawati la watatu wanabanana watano. Elimu bila malipo ilivyoanza 2016 wakaja wengi na ni jambo jema kabisa, ila wale wenye shida ya kujifunza nao wamo humohumo na hakuna anayekuja kukuonyesha ni yupi.

Nilikuwa na kijana mmoja mpole sana. Ukifungua daftari lake b imegeuka d, yaani "baba" kaandika "dada", na sentensi moja ya ubaoni ananakili mpaka kengele inalia. Nikamwita mvivu. Nikamsimamisha asome mbele ya wenzake wakamcheka, na kuanzia hapo kila kikifika kipindi cha Kiswahili tumbo linamuuma. Afu jioni moja napita kwenye genge la mama yake namkuta anauza yeye, nikachukua nyanya za buku, vitunguu vya mia tano na ndimu za mia mbili, nikampa elfu tano, sijafunga hata pochi chenji hii hapa, elfu tatu na mia tatu. Kesho yake nikamwandikia hesabu ileile kwenye daftari, 5000 kutoa 1700, akakwama kabisa. Nikamuuliza kwa mdomo, akajibu hapohapo. Iliniuma sana jamani, maana fimbo alikuwa ameshakula kwangu.

Kwaiyo naomba uanzie hapo, kabla hujasema mtoto hajui mbadilishie namna ya kuuliza. Na mzazi ampeleke akapimwe macho na masikio, wengine hawaoni ubao tu. Kama huko yuko sawa na herufi bado zinamshinda inaweza kuwa disleksia, hiyo ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti na herufi, haina uhusiano na kuwa na akili au kukosa, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Mi sio mtaalamu siwezi kumpachika mtoto jina, ila nilivyoongea na mama yake pembeni, sio kwenye kikao mbele za watu, akanyamaza kidogo akasema, "Mwalimu, baba yake naye aliacha shule la nne kwa hayahaya."

Kilichotusaidia ni vitu vya bure. Kipande cha boksi nilikitoboa tundu refu la kutosha mstari mmoja, anakilaza juu ya kitabu, mistari mingine inafichika macho hayarukiruki. Herufi tuliandika mchangani kwa kidole huku anaitamka kwa sauti, b tu wiki nzima, d tukaiacha mpaka ya kwanza ikae, maana ukimpa zote mbili kwa pamoja unamchanganya upya. Nikamhamishia dawati la mbele na mwenzake mwenye subira, na kusoma kwa sauti akawa anasoma kwangu peke yake, dakika tano wenzake wakiwa wanaandika. Kwa darasa letu lilivyo dakika tano ndo zinapatikana, zinatosha kama ni kila siku.

Muda nao. Baraza la Mitihani linawaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na 10 kwenye masomo mengine, sasa mi nikaona kwanini nisubiri mtihani wa taifa, nikaanza kumwongezea kwenye majaribio yangu ya kila wiki. Na ukizidiwa omba ushauri kwa mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wale wanaotoka chuo cha ualimu cha Patandi kule Arusha, hata kama yuko shule nyingine mfuate.

Kijana wangu yuko la tano sasa. Bado anasoma taratibu na akichoka d zinarudi, ila kale kaboksi kamechakaa kingo zote na bado anakaweka katikati ya daftari.