Chembe Haziyeyuki: Maswali na Majibu kutoka Tanga

Kipupwe kikiingia Tanga, maswali ninayoletewa nayo hubadilika. Safari hii karibu yote yanahusu vitu vinavyoganda, kuyeyuka, kukauka au kunukia, na mengi yana kosa moja ndani yake: kuidhania chembe kuwa ni kipande kidogo cha kitu chenyewe, hata mtu akaamini kwamba chembe ya barafu ni ngumu na ya baridi, na chembe ya maji ni laini na imelowa. Maada imeundwa kwa chembe zisizotulia, ambazo huvutana zikikaribiana na huongeza mwendo jotoridi linapopanda. Ugumu, umajimaji na wepesi wa hewa ni tabia za kundi lote la chembe kwa pamoja. Chembe moja haina hata mojawapo ya hizo.

Mafuta yangu ya nazi yameganda chupani tangu juzi alfajiri, na muuzaji ananiambia ndivyo yalivyo. Je, nimeuziwa mafuta yaliyochanganywa? (Mama wa Chumbageni)

Kuganda peke yake si ushahidi, mama yangu. Mafuta ya nazi huanza kuwa yabisi jotoridi likishuka chini ya nyuzi 24 za sentigredi hivi, na alfajiri za Julai hapa kwetu hushuka chini ya hapo. Iangalie chupa kabla jua halijapanda: kwanza mafuta huingia ukungu, kisha punje nyeupe hujikusanya chini, na juu hubaki mafuta maangavu kwa muda. Hayagandi yote kwa mpigo kwa sababu mafuta ya nazi ni mchanganyiko wa mafuta ya aina kadhaa, kila moja na kiwango chake cha kuganda.

Kilichotokea ndani ni kwamba chembe zimepungua mwendo kiasi cha kushindwa kuponyoka mvuto wa jirani zake, zikajipanga na kubaki zikitetemeka papo hapo. Iweke chupa na mafuta yake katika beseni la maji ya moto, nazo chembe zitaanza tena kupishana. Punje huzama chini kwa kuwa chembe zilizojipanga hukaa kwa kubanana zaidi, na hivyo ndivyo ilivyo kwa vitu vingi. Maji ni miongoni mwa vichache vinavyokwenda kinyume, kwa sababu yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi, ndiyo maana barafu huelea na chupa iliyojazwa maji hadi shingoni hupasuka kwenye friza. Kuganda na kuyeyuka hakuyaharibu mafuta yako. Yanusie: yakiwa na harufu ya uchachu, hapo una haki ya kumrudia muuzaji.

Shikamoo mwalimu. Kitabu kinasema kati ya chembe kuna nafasi. Nafasi hiyo ina nini? Mwenzangu anasema ina hewa. (Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, Mabawa)

Marahaba mwanangu. Haina kitu. Mwambie mwenzako kwamba hewa nayo ni chembe, kisha umuulize kati ya chembe za hewa kuna nini. Akijibu kuwa ni hewa, mtakuwa mmezunguka mbuyu na kurudi mlikoanzia.

Ninavyoona mimi, lawama nyingine ni ya michoro ya vitabuni. Kimiminika huchorwa kama vitone vilivyotawanyika kwa mapana, ilhali katika kimiminika chembe zinakaribia kugusana, karibu kama zilivyo katika yabisi, tofauti kubwa ikiwa ni kwamba zimepoteza mpangilio na zinaweza kuteleza zikipishana. Nafasi kubwa iko kwenye gesi. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke wa nyuzi 100, katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, hujaza zaidi ya lita 1,600. Chembe ni zilezile na idadi ni ileile, ila umbali wa kutoka moja hadi nyingine umeongezeka mara 12 hivi.

Jaribio lake ni rahisi. Tafuta bomba jipya la sindano lisilo na sindano, vuta hewa, ziba tundu kwa kidole gumba na usukume: pistoni itaingia, nawe utahisi inakurudisha. Rudia kwa maji, ukihakikisha hakuna povu la hewa ndani. Utasukuma hadi kidole kiume na pistoni haitasogea kiasi cha kuonekana. Na wakati wa mtihani usiandike kwamba chembe hupanuka zikipashwa moto. Msumari hurefuka kwa sababu chembe zake hutetemeka zaidi na kusukumana mbali kidogo, na ukubwa wa kila chembe hubaki ulivyo.

Nikiwa kwenye basi kutoka Muheza, mtu alimenya chungwa kiti cha nyuma na sisi wa mbele tukalisikia. Harufu hiyo ilisafirije? (Msomaji wa Ngamiani)

Likunje ganda la chungwa karibu na mwanga na utaona mvua ndogo ikiruka kutoka kwenye vijishimo vya ganda. Hayo ni mafuta, na kiungo chake kikuu kinaitwa limonini. Hayahitaji kuchemka ili yanukie, kwani kiwango cha kuchemka cha limonini ni nyuzi 176 hivi, na hakuna abiria angevumilia basi la namna hiyo. Ila chembe zake zilizo juujuu, zile zenye mwendo mkali zaidi, huchomoka na kuchanganyika na hewa.

Katika joto letu la kawaida, molekuli ya limonini, yaani chembe yake moja, husafiri kwa wastani wa zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ingefika kwa dereva kabla hujapepesa jicho. Kinachoikwamisha ni msongamano: kila inapoanza safari hugongana na molekuli ya hewa na kupotoshwa njia, mabilioni ya mara katika sekunde moja, mfano wa mtu anayejaribu kukatiza sokoni siku ya kuamkia sikukuu. Ingekuwa ni kwa kusambaa huko peke yake, harufu ingechukua saa nyingi kuvuka basi zima. Iliyowafikishia harufu upesi ni hewa yenyewe iliyokuwa ikizunguka kutokana na madirisha yaliyo wazi na watu wanaopumua na kujisogeza. Walimu wengi huitaja manukato kama mfano safi wa kusambaa kwa chembe. Mimi huuona kuwa mfano uliochanganyika.

Tunafanya kazi kwenye majaruba ya chumvi. Maji yanaondoka bila kuchemka, na chumvi inabaki. Kwa nini haziondoki zote pamoja? (Kijana wa Mkinga)

Maswali yako ni mawili, na la kwanza linafanana na la chungwa. Jotoridi hupima wastani wa mwendo wa chembe, na wastani huficha mengi: katika maji ya nyuzi 30 zimo chembe za polepole na zimo za mbio sana. Zile za mbio zikifika juu huponyoka. Huo ndio uvukizi, nao hutokea usoni mwa maji tu, kwa jotoridi lolote, ilhali kuchemka hufanyika hata ndani, kwa mapovu. Ndiyo sababu majaruba hutandazwa mapana na yenye kina kifupi, na ndiyo sababu jua la kaskazi likiandamana na upepo hukupeni chumvi haraka: upepo huzichukua chembe zilizotoka kabla hazijarudi majini. Zinazobaki ni za polepole, kwa hiyo maji hupoa. Mtungi wa udongo nao huyapoza maji ya kunywa kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa maji hupenya vinyweleo vyake na kuvukia nje.

Chumvi ni jambo jingine. Imeundwa kwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloridi, ambazo chaji zake zinapingana, na mvuto wake ni mkubwa mno kiasi kwamba chumvi kavu huyeyuka kwa moto wa nyuzi 801 tu, achilia mbali kuwa gesi. Jua la Mkinga halifiki huko. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvichumvi zilizoyeyushwa, nayo chumvi ya kula huanza kuonekana maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi ya yale mliyoyafungulia.

Unga humiminika na kufuata umbo la chombo. Je, ni kimiminika? (Msomaji wa Pongwe)

Ni yabisi. Mimina unga sinia utarundikana kama kilima, jambo ambalo maji hayafanyi. Kila punje ya unga ni yabisi kamili yenye chembe nyingi zisizohesabika, na punje ndizo zinazoporomoka.

Mnazungumza chembe, chembe. Nani aliyewahi kuziona? (Mzee wa Makorora)

Swali la haki, mzee wangu, na hata wanasayansi wakubwa walilibishania hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, alitazama kwa hadubini vijipande vilivyotoka katika chavua, vikiwa majini, akaviona vinacheza bila kukoma. Alipojaribu unga wa mawe na kioo, vitu visivyo na uhai, navyo vilicheza. Mwaka 1905 Albert Einstein alikokotoa jinsi mchezo huo ungekuwa endapo maji yangekuwa chembe zinazovigonga vijipande kutoka kila upande bila usawa, na Mfaransa Jean Perrin akapima, akakuta hesabu zinakubaliana. Perrin alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1926. Lakini vumbi linaloelea katika mwale wa jua dirishani halitufai kwa ushahidi, kwa sababu mwendo wake mwingi ni wa mikondo ya hewa.

Nimehamia Lushoto kutoka Tanga mjini. Maharage yaleyale na kuni zilezile, lakini hayaivi haraka. Nizidishe moto? (Msomaji wa Lushoto)

Utamaliza kuni bure, ndugu yangu. Ili maji yachemke, povu la mvuke lazima lishindane na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako hewa ni pungufu, na povu hushinda mapema, kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Maji yakishaanza kuchemka, moto wa ziada hauyaongezei jotoridi. Nishati yote huenda kuzitenganisha chembe, na gharama yake ni kubwa, kwa kuwa kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 420 hivi kupanda kutoka nyuzi 0 hadi 100, lakini takriban 2,260 kugeuka yote kuwa mvuke. Yaloweke maharage usiku kucha, funika sufuria, na punguza moto maji yakianza kutokota. Ukijaliwa kupata presha kuka, mvuke uliofungiwa ndani utayazuia maji kuchemka mapema, nayo yatafika hadi nyuzi 120 hivi.